Mpole Ananisomea

Jumatatu, 4 Machi

Kibiriti,

Barua yako imefika, na kabla sijasema lolote: mwandiko gani huu? Chungu waliomwagiwa maji wanakwenda kwa mpango kuliko herufi zako. Miwani yangu imebaki na kioo kimoja, nimekaa juani siku mbili nikiichambua barua neno kwa neno kama mchele wenye mawe. Nimefika mwisho. Nimechoka, na nimekasirika.

Umeondoka kwa mume wako, haya, umeondoka. Umehamia mji ambao hatuna jamaa hata wa kusingizia, haya. Umepata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, wewe uliyekuwa ukilia nikikutuma kuosha sufuria, hilo nalo haya. Lakini hili la kwenda kukaa kwenye kiti mbele ya mwanamke usiyemjua ukamwagia mambo ya ndani, limenikaa kooni. Unasema ni mshauri, amesomea saikolojia, kazi yake kusikiliza. Kusikiliza! Na mimi miaka yote niliyokulea nilikuwa nafanya nini, nauza sura? Mwambie huyo Mama Maneno kwamba wewe una bibi.

Nimezika waume wawili, nikamzika na mama yako. Sikukalia kiti cha mtu. Asubuhi yake nilichukua ufagio nikafagia uwanja.

Umenikataza nisimwambie mumeo ulipo. Sikumwambia. Lakini ujue amekuja mara tatu. Unajua mwenyewe kwa nini nilimpa jina la Mpole: tangu mje kujitambulisha hapa sijamsikia akipaza sauti, hata kwa mbuzi. Fundi umeme gani siku hizi anavua viatu mlangoni? Amenitengenezea swichi ya jikoni iliyokuwa inarusha cheche. Halafu akakaa kwenye mkeka akalia, bila kelele, machozi tu, mpaka nikaona haya mimi. Akauliza kitu kimoja: "Bibi, mkono wake umepona?"

Nikamjibu sijui, hajaniandikia kuhusu mkono. Mtu anayekuulizia mkono wako tangu ulipoanguka ngazini, huyo ndiye wa kukimbiwa?

Barua hii naipeleka posta mwenyewe, kwa miguu yangu inayouma. Nijibu. Herufi kubwa.

Bibi yako


Jumanne, 12 Machi

Shikamoo Bibi,

Naandika herufi kubwa, usinigombeze. Kazini nipo upande wa pasi. Si pasi unayoijua wewe: ni rola mbili za moto ndefu kama kitanda, mmoja anaingiza shuka huku, mwingine analipokea kule. Mwenzangu ni mama mmoja mwenye kelele kama wewe, ananiita Mgeni. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na mlango wenye makomeo mawili. La pili nimelifunga mwenyewe kwa bisibisi.

Nakwenda kwa mshauri kila Alhamisi saa tatu asubuhi, kazini nimeomba zamu ya mchana siku hiyo. Najua unakunja uso. Acha nikueleze ndipo ukunje. Siku ya kwanza alikuwa na viti vitatu, akaniambia nichague. Nikachagua kinachotazama mlango. Hakuuliza kwa nini. Nilikaa karibu saa nzima nikizungumzia mashuka, naye akasikiliza mashuka. Hajawahi kuniambia rudi wala usirudi. Nilimkasirikia kwa hilo, nikamwambia, "Si umesoma wewe? Sema basi!" Akasema yeye hataishi maisha yangu, mimi ndiye nitakayeyaishi.

Mkono unapona. Vidole viwili bado havikunji. Mshauri aliniuliza ulivyoumia, nikasema nilianguka. Wiki iliyofuata nikasema tena nilianguka. Mara ya tatu pia. Hakunibishia, akaningoja. Mara ya nne, Bibi, nilisema jingine. Nitakueleza na wewe, nikiweza.

Kuna kitu kinanipata nikisikia funguo zikigongana. Mwili unaganda wote, hata mate hayamezeki. Amenifundisha kukanyaga sakafu kwa nguvu na kutaja vitu ninavyoviona, kimoja kimoja, mpaka nirudi. Inaonekana upuuzi. Inafanya kazi.

Andika kwa sanduku la kituo chao, kama mwanzo. Na tafadhali, Bibi, nakupigia magoti: asizione barua hizi.

Wako,
Kibiriti


Alhamisi, 21 Machi

Kibiriti,

Kwanza, pole yangu mwenyewe: nimeikalia miwani. Kile kioo kimoja kimekwisha. Kuandika naandika kwa mazoea, mkono unajua njia, lakini kusoma sasa ni basi. Jirani yetu Mkunga mstaafu anasoma vizuri, najua, ila yule sisemi naye tangu alipoelekeza mfereji wake wa maji machafu ukutani kwangu, na sitaanza leo kwa ajili ya karatasi.

Kwa hiyo Mpole ananisomea. Usinung'unike! Uliandika barua kwa bibi yako, na bibi yako amechagua macho ya kuazima. Ni mumeo, si mwizi. Anasoma vizuri kama mtangazaji wa redio, ananipunguzia mwendo nikiomba. Nilicheka kwa hizo rola ndefu kama kitanda. Na aliposoma pale unaposema umemkumbuka sana na moyo wako umeanza kulegea, sauti ilimkwama, akaomba maji. Ona sasa. Hilo ungeliandika mwanzo tungekuwa mbali.

Lakini mbona barua nzima hakuna habari ya mkono? Nilimwuliza, "Hakusema kitu kuhusu mkono?" Akaangalia tena mbele na nyuma. Hakuna. Hiyo si adabu, mtu anakuuguza kwa dua halafu humwambii kama umepona.

Huyo Mama Maneno naye mwambie akutafutie siku nyingine, maana Mpole anasema Alhamisi asubuhi ndiyo siku nzuri ya kusafiri kutoka huko. Ameyajuaje ya usafiri sijui, mafundi wanajua kila kitu.

Bahasha ameandika yeye. Herufi zangu zinapanda mlima, karani wa posta hunikodolea macho. Na ataipeleka mwenyewe, miguu yangu ipumzike.

Bibi yako


Jumatatu, 25 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimepata barua yako. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, hali ya hewa ni nzuri. Sina zaidi kwa leo. Jitunze na utumie dawa zako za miguu.

Kibiriti


Jumatatu, 25 Machi

Shikamoo Mama Mkunga,

Ni mimi Kibiriti, wa nyumba ya pili. Najua wewe na Bibi hamsemezani. Naandika kwako kwa sababu barua zinazokwenda kwake zinasomwa na mume wangu, na kwake leo nimeandika ya kujaza karatasi tu.

Leo nilipita kituoni kuchukua barua, nikapewa bahasha. Nilijua mwandiko kabla sijaigusa. Yeye huandika namba saba kwa kuikata katikati. Sikumbuki kuanguka. Mshauri ananiambia nilikuwa chini, mgongo ukutani, na nilikuwa nahesabu miguu ya meza. Alikaa chini sakafuni na yeye. Nilipoweza kusema, hatukuzungumza hisia tena. Alichukua karatasi tukaandika: nani ajue, mlinzi aambiwe nini, nipite njia ipi kwenda kazini. Siku yangu na saa yangu zimebadilishwa, hata wewe sikuandikii. Maana anaijua Alhamisi. Anaujua mji na kituo. Hajui tu ninapolala na ninapofanyia kazi, na hospitali hapa ni nyingi.

Naomba umsomee Bibi haya yafuatayo. Yote, hata akikutukana.

Bibi, sikuanguka ngazini. Aliniambia niweke mkono kwenye ukingo wa mlango wa kabati. Niliuweka, kwa kuwa nilijua usipokuwa mkono kingekuwa kitu kingine. Aliufunga mlango taratibu. Aliendelea kusema nami kwa upole muda wote. Hospitalini alinisaidia kujaza fomu, kwenye sababu akaandika ngazi, nami nikatia sahihi kwa mkono mwingine.

Asijue kwamba unajua. Hilo ndilo ninalokuomba.

Kibiriti


Alhamisi, 4 Aprili

Mwanangu Kibiriti,

Nilikwenda kwa bibi yako Jumapili na barua mkononi. Alifungua mlango nusu, akaniambia hana haja ya kusomewa na mtu anayeumwagia maji machafu ukuta wa mwenzake, akaufunga. Nikarudi Jumatatu, akaniimbia wimbo wa dini kwa sauti hadi nikaondoka. Nimezalisha wanawake elfu, sijaona kichwa kigumu cha namna hii.

Sitaacha. Lakini nimeona nikuandikie haraka kwa sababu ya jambo jingine. Huyo mumeo alikuwa akija hapa kila siku jioni. Tangu Jumanne hajaonekana. Nimepita kwenye karakana yao, wenzake wanasema ameomba ruhusa, amesafiri na sanduku lake la vifaa.

Leo ni Alhamisi. Tangu asubuhi sijala.

Mkunga


Jumatatu, 8 Aprili

Kibiriti,

Bahasha hii nimeiandika mimi. Ikipanda mlima ipande.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana sijui pengine pa kuanzia. Ile barua yako ya hali ya hewa, Mpole alinisomea Jumamosi. Ilikuwa ndefu kidogo, alivyoisoma. Ulisema utarudi mwisho wa mwezi. Nikafurahi, nikamwambia, "Hebu nisomee tena hapo pa kurudi." Akasoma. Mara hii ulisema utarudi baada ya wiki moja na nikuandalie kitanda. Nikasema, "Tena." Akacheka, akasema Bibi unadeka. Akasoma mara ya tatu na kitanda hakikuwemo.

Mimi sikusoma shule, Kibiriti, nilisoma ya watu wazima, miezi minane, jioni. Lakini kitu kimoja mwalimu alinipa nikakishika: kilichoandikwa hakibadiliki ukikirudia. Ndiyo faida yake.

Nilikaa na jambo hilo siku sita. Siku sita, kwa sababu ya mfereji. Ijumaa nikachukua kopo ninamotunzia barua zako, nikagonga kwa Mkunga. Aliniwekea kiti. Akasoma barua zako zote za koponi, halafu akatoa na ile yake. Alisoma polepole, na kila alipofika mahali ambapo Mpole aliparuka, nilimwambia, "Hapo hapakuwepo." Mkono haukuwepo. Viti havikuwepo. Funguo hazikuwepo. Kukumbuka mume kulikuwepo kwake tu.

Jumamosi amerudi. Kaingia na tabasamu, kavua viatu. Ameniletea miwani mpya. Nilipoivaa nikaona sura yake vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nikasema asante, mwanangu. Alipoondoka nikampelekea Mkunga kile kikasha cha miwani, maana kina maandishi madogo ya dhahabu ambayo hata kwa miwani hiyo siyaoni. Ni jina la duka na mtaa. Mtaa ni ule ule wa kituo chako, Kibiriti. Alikaa hapo Alhamisi nzima, na alitaka nijue.

Wewe ulipokuja mwaka juzi na alama shingoni, uliniambia ni mkufu. Mimi si mjinga, nilijua mkufu hauna vidole. Nilikuambia nini? Nilikuambia vumilia, ndoa ina mambo yake. Nimelikumbuka hilo kwa Mkunga nikiwa nimeshika kikombe, kikombe kikanishinda.

Nipo. Simwambii kitu. Namkaribisha chai, Mungu ananiona.

Bibi yako


Ijumaa, 12 Aprili

Mpendwa Bibi,

Nakuandikia kupitia kwa Mama Mkunga, na kwa ruhusa ya mjukuu wako. Barua hii ameisoma kabla sijaifunga. Anayoyasema chumbani kwangu ni yake, sitakupa hata moja, hata ukinigombeza, na ameniambia utanigombeza.

Ninachoweza kusema ni hiki. Mimi sivunji ndoa wala siungi. Watu huja kwangu wakiwa wamebeba jambo peke yao kwa muda mrefu hadi hawajui tena lilipoishia jambo na wao walipoanzia. Tunalitazama pamoja, kwa mwendo wao. Wakati mwingine kulitazama tu kunatosha. Wakati mwingine hatari bado iko nje mlangoni, na hapo mazungumzo peke yake hayatoshi. Inabidi kuwe na sheria, na watu.

Mjukuu wako ameamua kuomba mahakama itoe amri ya zuio, mumewe asimkaribie. Wazo ni lake. Anahitaji mtu aliyeona. Anaamini uliona. Je, utasema?

Usimkabili. Usijaribu kumtega wala kumpoteza njia kwa barua za uongo, najua wazo hilo huja. Na kama kuna linalokulemea wewe, simu yangu iko chini ya barua hii.

Wako,
Mshauri


Alhamisi, 18 Aprili

Wewe Mshauri,

Utanisamehe, jina la Mama Maneno limeshanikaa mdomoni.

Umejuaje wazo la barua za uongo? Nilikuwa nimeshaiandika moja, ya kumtuma kaskazini akaoze huko. Mkunga ameichana mbele yangu. Hata yeye nilimtukana.

Uliuliza kama nitasema. Jumanne nilikwenda na Mkunga kwa karani wa mahakama ya hapa, nikatoa maelezo. Kijana mwenye tai. Akaniuliza, "Bibi, una hakika zilikuwa alama za vidole?" Nikamwambia asogeze shingo nimwonyeshe zinavyokaa. Akaandika upesi.

Lakini aliniuliza na jingine: "Umejuaje kuzitambua?" Nikasema umri. Karani akaandika umri. Nikatia sahihi yangu, jina zima, wala si dole gumba.

Sasa nakuambia wewe, kwa kuwa hunijui na sikuoni uso. Sikio langu la kushoto halisikii. Watoto wangu wote wanajua ni homa. Mkunga anajua ni homa. Haikuwa homa, alikuwa mume wangu wa kwanza, na mkono wake ulikuwa wazi, hata ngumi hakukunja. Nilikuwa na umri wa Kibiriti. Miaka arobaini na nane sijaliambia hata ukuta. Nimeandika mstari huu, nikaamka, nikazunguka nyumba, nikarudi. Bado upo. Wala hakuna kilichoanguka.

Ndiyo maana nilimwambia vumilia. Nilitaka na yeye awe na homa.

Mpole sasa anakuja kila siku. Anakaa pale pale, anauliza, "Barua haijaja?" Nasema haijaja. Anasema, "Itakuja tu." Halafu ananitazama miguu.

Nitakupigia simu. Usinishike sana na maswali.

Bibi


Jumatano, 24 Aprili

Shikamoo Bibi,

Shauri litasikilizwa Alhamisi, 9 Mei, saa nne. Mshauri ameniambia ulipiga simu na kwamba mlizungumza. Hakuniambia mlizungumza nini. Nilimbembeleza! Akatabasamu tu. Basi nimejua na yangu yako salama.

Nitakuambia ninachokiogopa. Siyo yeye kunipiga mbele ya hakimu, hawezi. Naogopa atalia. Unajua anavyolia. Na mimi nitaanza kumwonea huruma, na mdomo wangu wenyewe utasema nilianguka. Umeshasema hivyo mara nyingi, unajua njia.

Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya sentensi moja. Mshauri anakaa kimya, mimi nasema: "Aliufunga mlango kwenye mkono wangu, sikuanguka." Wiki ya kwanza niliishia kwenye "aliufunga". Jana niliisema yote, halafu nikatapika, halafu nikaisema tena. Ananiambia si lazima niiseme bila kutetemeka. Ni kuisema tu.

Utakuja? Kama miguu hairuhusu nitaelewa.

Kibiriti


Ijumaa, 3 Mei

Kibiriti,

Miguu nani ameiuliza? Nakuja. Mkunga amenikatia tiketi ya Jumanne na amenipa na shuka lake zuri na miwani yake ya zamani, mwanamke yule ana roho kuliko nilivyomkadiria.

Ujue haya kabla hujayasikia kwa wengine. Jana asubuhi Mpole alikuja na wito wa mahakama mkononi. Hakuvua viatu.

"Bibi, imekuja karatasi," akasema. "Nikusomee?"

"Hiyo nimeshasomewa."

Akaweka sanduku la vifaa kizingitini, mlango usifungike. "Na nani?"

"Na mtu anayesoma kilichoandikwa."

Sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ile, laini, kama anamwamsha mtoto. "Umesema mambo ya shingo, Bibi. Wewe. Mimi niliyekuja kukuangalia kila siku, nikakuletea macho."

Nikavua miwani nikamwekea juu ya sanduku. Nilikanyaga sakafu kwa nguvu, kama ulivyoniandikia. Nikataja kimoyomoyo: mtungi, ndoo, kalenda, paka wa Mkunga.

Akaingia jikoni. Nikasikia bisibisi. Aling'oa ile swichi aliyonitengenezea, akaitia mfukoni, nyaya akaziacha zikining'inia wazi. Akasema, "Hii ilikuwa yangu." Kisha akasema, "Alhamisi tutaonana sote. Nitakaa karibu." Akaniaga vizuri, akaondoka.

Mkunga alizima umeme wa nyumba nzima, akaripoti polisi, wameandika kwenye daftari. Nalala kwake tangu jana. Ana mikoromo ya trekta.

Nikichelewa njiani, nikikwama, hata nikikosekana kabisa, wewe ingia. Usinisubiri mlangoni. Ingia useme sentensi yako.

Bibi yako


Ijumaa, 10 Mei

Mkunga,

Nimefika salama, viungo vyote vipo. Nakuandikia kwa kalamu ya mlinzi.

Jana ilikuwa kama alivyosema mtoto. Alikuja na shati lililopigwa pasi, akamwamkia karani, akamwamkia hakimu, na alipoulizwa akalia, bila kelele. Nilimtazama hakimu usoni, mama wa makamo, nikaona uso unalainika. Mkunga, ulikuwa uso wangu wa mwezi wa tatu. Nilitaka kusimama nipige kelele. Mama Maneno alikuwa kando yangu, kumbe ni kasichana, ana mwanya, akanishika kiwiko: "Mwache yeye."

Kibiriti akaulizwa. Muda ukapita mrefu, hakimu akaangalia saa, Mpole akainua kichwa akamtazama kwa huruma. Kibiriti akafungua mdomo, nikasikia "Nili—", nikafumba macho. Halafu nikasikia viatu vyake vinakanyaga ubao. Akasema, "Aliufunga mlango kwenye mkono wangu, sikuanguka." Akasema tena bila kuulizwa. Hakimu akaweka kalamu chini, akamwambia aendelee, na akaendelea. Nami nikaitwa, nikasema ya shingo. Karani wa huku akauliza nilijuaje. Sikusema umri.

Amri imetoka. Mwaka mzima. Asimkaribie yeye, wala anapolala, wala anapofanya kazi. Mita mia moja, hakimu alisema, na nilipouliza ndiyo nini, karani akaniambia ni kama hatua mia za mtu mzima. Mama Maneno aliniambia jana ile ile nisijidanganye, karatasi haisimami mlangoni, na kwamba Kibiriti ataendelea kwenda kwake, sasa ndiyo kazi inaanza. Nami nina saa yangu kwake Jumatatu. Usimwambie mtu.

Leo nilimsindikiza kazini. Tulipofika langoni Kibiriti akasimama. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la rangi, amesimama yeye. Kazi ya mtoto hii hakuijua. Sasa anaijua, pengine kwa ile amri.

Nilimwambia Kibiriti abaki na mlinzi. Nikaanza kutembea kutoka langoni, hatua za mtu mzima, nahesabu kwa sauti, magari yakanipigia honi. Alinitazama nikija, hakusogea. Mia na tatu.

Akainama kidogo. "Shikamoo Bibi. Zimetimia?"

Sikuitika. Tangu nizaliwe sijaiacha shikamoo ya mtu chini. Niliiacha pale, nikageuka, nikarudi, na mgongo wangu wote ukimsikia.

Kibiriti alikuwa ameshatoa daftari. Ameandika: Ijumaa, saa moja na dakika hamsini, mkabala na lango, shati la bluu. Akampa mlinzi asome, akaniambia, "Bibi, rola zimeshapata moto," akaingia.

Mlinzi amenipa benchi lake. Ni saa nne sasa. Bado amesimama pale, nami nimekaa hapa.

Jirani yako